Wasomaji Wanauliza: profoma tatu, bei tatu, nichukue pampu gani?

Mwezi huu barua karibu zote ni za pampu na za profoma, yaani karatasi ya bei ambayo muuzaji anakutumia. Zimetoka Kampemba, Likasi, Kolwezi, barabara ya Kipushi, moja Katuba, na ukizisoma unaona watu wanalia juu ya bei wakati shida iko nyuma ya bei, iko kwenye ile karatasi waliyomtumia muuzaji. Zingine nimezijibu kwa kirefu, zingine haraka.

SWALI
Jambo papa fundi. Tuko na shantie (eneo la kazi) ya kokoto barabara ya Likasi. Tunataka kutoa maji mtoni tuyapandishe kwenye tanki juu ya kilima, ndo tuoshee kokoto. Niliandikia wauzaji watatu hapa Lubumbashi nikawaomba bei ya pampu ya HP 20 yenye kutoa maji mengi. Wa kwanza akanipa bei, wa pili akaleta karibu mara mbili, wa tatu mara tatu kasoro kidogo, na kila mmoja anasema yake ndo nzuri. Patro (bosi) anasema nichukue ya bei ndogo. Mimi naogopa. Nani anadanganya?
Msomaji, Kampemba

JIBU
Ndugu yangu, inawezekana hakuna anayedanganya. Umewauliza swali ambalo halina jibu, sasa kila mmoja amejaza mwenyewe pale ulipoacha wazi, na kila mmoja amejaza vyake.

HP 20 ni nguvu ya mota, kilowati 15 hivi. Haisemi kazi. Mota hiyo hiyo ukiifunga na pampu moja itakupa mita za ujazo 200 kwa saa lakini zitapanda mita 15 tu, ukiifunga na nyingine itakupa kubiki (mita za ujazo) 20 zipande mita 130, na hizo ni mashine mbili ambazo hazifanani kwa sura, kwa uzito wala kwa bei. "Maji mengi" nayo, kwa mtu wa shamba kubiki 10 ni mengi, kwa mtu wa mgodi kubiki 300 ni kidogo. Kwa hiyo achana na HP kabisa, HP ataitafuta muuzaji. Wewe kazi yako ni kumwambia vitu viwili vya kwanza: debi, yaani maji kiasi gani kwa saa, na HMT, yaani jumla ya mita ambazo pampu inapaswa kusukuma.

Debi usiitoe kichwani. Anza na mahitaji ya siku. Tuseme kuosha kokoto kunakula kubiki 360 kwa siku. Ukiwa na umeme saa 12 unahitaji pampu ya kubiki 30 kwa saa. Lakini sote tunajua SNEL, kampuni ya umeme, na delestaji, yaani mgao wa umeme, kama kwenye laini yenu umeme wa uhakika ni saa 6, basi pampu ile ile inapaswa kuwa ya kubiki 60, mara mbili, na tanki nalo liwe kubwa la kukuvusha zile saa za giza. Unaona, muuzaji ambaye hujamwambia habari ya delestaji atakupa ya 30 kwa moyo safi kabisa na wewe utakaa unalaumu pampu. Kama mko na pampu ya zamani na mnataka kujua inatoa kiasi gani, weka pipa la lita 200 mwisho wa tiyo (bomba) na mtu mwenye saa mkononi: likijaa kwa sekunde 12 hiyo ni kubiki 60 kwa saa. Fanyeni mara kadhaa mchukue wastani.

Sasa HMT, hapa ndo watu wengi wanaumia. Mtu anapima kutoka mtoni mpaka kwenye tanki anapata mita 28, anaandika 28, anaona amemaliza. Bado. Kwanza hiyo 28 umeipima toka usawa gani wa maji? Mto wa mwezi wa pili si mto wa mwezi wa kumi, mwisho wa kiangazi maji yameshuka, kwa hiyo pima toka usawa wa chini kabisa ambao wenyeji wa hapo wanaujua, halafu andika pia ule wa juu wakati wa mvua ili mtu asije akaweka mota mahali patakapofunikwa na maji. Na usipime kwa GPS ya simu, kwa urefu wa kwenda juu ile inaweza kupotea mita nyingi, tafuta mpima ardhi au tumia tiyo nyembamba inayoonekana ndani, ijaze maji, mpande nayo kilima hatua kwa hatua mkiandika.

Pili kuna msuguano ndani ya tiyo, na huu ndo naona umetoa zile bei tatu. Hukuwaambia tiyo ina kipenyo gani wala urefu gani. Tuseme ni mita 400. Kubiki 60 kwa saa zikipita kwenye tiyo ya plastiki ya milimita 100 kwa ndani, unapoteza mita 4 na zaidi kidogo kwa kila mita 100 za tiyo, kwa hiyo 17 kwa safari nzima. Ukichukua ya milimita 150, unapoteza kama sentimita 60 kwa kila mita 100, safari nzima haifiki mita 3. Ongeza kona, vana (valvu ya kufungia) na klapeti (valvu inayozuia maji kurudi), kwa ile ndogo HMT inafika 47 hivi, kwa ile kubwa 32 hivi. Mto ule ule, kilima kile kile, pampu mbili tofauti kabisa.

Hesabu ya nguvu unaweza kuifanya mwenyewe, usiogope: zidisha kubiki kwa saa na HMT, gawanya kwa 367, halafu gawanya tena kwa ufanisi wa pampu. Kwa ufanisi wa 0.65, ile ya mita 47 inahitaji kama kilowati 11.8 kwenye ekseli, utawekewa mota ya 15. Ile ya mita 32 inahitaji kama 8, mota ya 11 inatosha. Hiyo tofauti ya karibu kilowati 4 utailipa kila saa pampu inapozunguka, na ukiwa kwenye grupu (jenereta) ni zaidi ya lita moja ya mazuti (dizeli) kila saa, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo bei ya tiyo na bei ya pampu zinapaswa kukaa kwenye karatasi moja kabla patro hajaamua. Ukimwonyesha hesabu hii nadhani ataelewa haraka kuliko ukimwambia unaogopa.

Tatu, mwisho wa tiyo kuna nini? Kama ni tanki lililo wazi, hakuna cha kuongeza. Kama maji yanaenda moja kwa moja kwenye vipuli vya kunyunyizia vinavyotaka presha ya bari 3, hiyo ni mita 30 nyingine juu ya zote. Ulisema tanki halafu "tuoshee kokoto", sasa sijui kama vipuli vinalishwa na tanki au na pampu. Muuzaji naye hajui.

Kitu kimoja tena, nakuomba usikipite. Watu wanapenda kuongeza "kidogo cha usalama". Mwenye shantie anaongeza asilimia 20, enjenia anayeandika karatasi anaongeza 20, muuzaji naye kwa kuogopa lawama anaongeza 20. Zidisha hizo tatu, umefika karibu asilimia 73 juu ya kile ulichohitaji. Na pampu ya aina hii iliyozidi haikai kimya, inatoa maji kupita kiwango, mota inavuta ampea nyingi, rulema (beringi) zinachoka mapema, mwishowe fundi anaibana vana ili ipoe na unalipa umeme wa kupambana na vana yako mwenyewe. Andika namba za kweli. Kama unataka akiba, iandike pembeni peke yake: "debi 60, akiba tunayotaka asilimia 10". Hapo kila mtu anaona imeongezwa mara moja tu.

Kwa hiyo usichague bado. Andika karatasi moja, wapelekee wote watatu ile ile bila kubadilisha hata koma: debi, saa za kazi kwa siku, usawa wa maji wa chini na wa juu, usawa wa tanki, urefu na kipenyo cha ndani cha tiyo na imetengenezwa kwa nini, kona na vana ngapi, maji yana mchanga kiasi gani wakati wa mvua, umeme wenu. Na uwadai kila mmoja akutumie grafu ya pampu yake na aweke alama pale pampu yako itakapofanyia kazi. Asiyeweza kuweka hiyo alama hajachagua pampu, amechagua bei.

SWALI
Fundi, salamu toka Likasi. Tunatoa shaba kwa asidi, kiwanda kidogo. Tuliomba pampu ya asidi, tukaandika vizuri kabisa "pampu ya asidi ya salfuriki", debi tuliandika, HMT tuliandika. Imekuja, imefanya kazi wiki chache, imetoboka. Muuzaji anasema tumeitumia vibaya. Tumekosea wapi?

JIBU
Debi na HMT mliandika, hapo mmewazidi wengi. Kilichobaki ni kwamba "asidi ya salfuriki" ni jina la vitu viwili vinavyofanya tofauti kabisa na chuma. Ile inayokuja na magari, ya asilimia 98, ikiwa ya baridi na inapita polepole, chuma cha kawaida kinaivumilia, ndo maana matanki yake mengi ni ya chuma. Ichanganye na maji, ile iliyo dhaifu, na chuma hicho hicho kinaliwa kwa kasi. Mtu anayesikia "asidi dhaifu" anadhani ni salama zaidi, kwa chuma cha kawaida ni kinyume. Sasa muuzaji aliyesoma "asidi ya salfuriki" anaweza kuwa alifikiria ya tanki, na nyinyi mkaiweka kwenye maji ya kuloweka mawe.

Karatasi yenu iandike asidi kwa gramu kwa lita. Msiandike pH peke yake, asidi ikishakuwa nyingi pH haitofautishi vizuri. Andikeni joto la chini na la juu, na hapa kumbukeni kwamba asidi ikikutana na maji inatoa joto lenyewe, kama pampu iko karibu na mahali mnapochanganya basi joto lake si lile la bwawa, na pampu za plastiki zinajali sana hilo. Pelekeni maji labo wapime klorini ya chumvi (kloridi), maana inox (chuma cha pua) nzuri inaweza kupata vidoti vya kutu juu ya hiyo tu.

Halafu swali ambalo naona watu wa huku wanalisahau kila mara: je, kiwandani kwenu kuna ile hatua ya kusafisha shaba kwa mafuta, yale yenye kerosini ndani yake? Kama iko, maji yanayorudi yanabeba mabaki ya mafuta, kidogo tu, lakini mpira wa asili ukikaa na kerosini unavimba na kulegea. Mtu atawauzia pampu iliyopakwa mpira ndani, nzuri kwa asidi, nzuri kwa udongo laini, na itaharibika kwa kitu ambacho hakuna aliyemwambia kiko ndani. Maneno machache tu: "kuna mabaki ya mafuta", basi.

Na udongo. Maji yenu si maji, ni uji wa mawe yaliyosagwa. Andikeni asilimia ya udongo kwa uzito, punje kubwa kabisa ni milimita ngapi, na kama zina makali au zimeviringana. Tuseme udongo ni asilimia 30 na jiwe lenyewe lina uzito wa 2.7 ukilinganisha na maji, mchanganyiko unafika 1.23, maana yake mota inahitaji nguvu asilimia 23 zaidi kwa debi ile ile na mita zile zile. Kwa asidi ya 98 ni mbaya zaidi, uzito wake ni 1.84, mota ya maji pale itaungua bila kosa lolote la fundi. Kwa punje laini mpira unafaa, kwa mawe yenye makali wanapendelea chuma kigumu chenye kromu nyingi, lakini chuma hicho nacho na asidi hawapatani sana, ndo maana muuzaji anapaswa kujua vyote viwili kwa pamoja, sio udongo kwenye barua ya kwanza na asidi kwenye simu ya wiki inayofuata.

Mwambieni pia kama mko na maji safi yenye presha pale pampu itakapokaa. Kwenye uji wa mawe, mahali ekseli inapotokea nje panalindwa mara nyingi kwa maji safi yanayosukumwa kuingia ndani, yakikosekana udongo unaingia kwenye treshi (kamba ya kuziba kuzunguka ekseli) na kuikata ekseli. Kama hamna maji safi mseme hamna, zipo pampu za namna nyingine.

Juu ya muuzaji kusema mmeitumia vibaya: angalieni profoma mliyosaini imeandika kimiminika gani. Kama imeandika tu "asidi" bila namba, hapo mtabishana bila mwisho. Safari hii takwimu zenu zikae kwenye profoma yenyewe, sio kwenye meseji za WhatsApp.

SWALI
Yaya, mimi ni mama wa sabuni hapa Katuba. Nataka pampu ya kuhamisha mawese toka mapipa kwenda kwenye chungu kikubwa. Jirani aliniazima pampu yake ya maji, mchana ilivuta kidogo, asubuhi haikuvuta kabisa. Nikiomba bei niseme nini?

JIBU
Mama yangu, pole. Pampu ya jirani haina ubaya, imepewa kazi ambayo si yake. Mawese yanabadilika na baridi, na wewe unajua asubuhi za mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi zilivyo, mafuta yanaganda nusu pipani. Pampu ya maji inarusha kwa kasi ya kuzunguka, ikikutana na kitu kizito inabaki inajizungusha tu. Wewe unahitaji ile ya gia au ya namna hiyo, inayokamata mafuta na kuyasukuma kila inapozunguka.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuandika kwenye karatasi yako ni joto la mafuta wakati wa kuyavuta, na sio la mchana, andika la asubuhi ya baridi kabisa. Halafu amua: utayapasha moto mapipa kabla ya kuvuta au hapana? Ukiyapasha mpaka yawe maji kabisa, pampu ndogo inatosha na bei inashuka. Usipoyapasha, pampu inakuwa kubwa, inazunguka polepole, mota inakuwa na nguvu zaidi, na hata hivyo tiyo ya kuvutia inaweza kukataa. Mimi kwa upande wangu ningeweka pesa kwenye kupasha moto. Andika pia: unahamisha mapipa mangapi kwa saa (pipa ni lita 200, hesabu ni rahisi), mafuta yamechujwa au yana mabaki ya makumbi na mchanga, chungu kiko juu mita ngapi, umeme wa nyumbani wa njia moja au wa njia tatu.

Na mwombe kwa maandishi pampu iwe na vana ya usalama. Ile ya gia ukiifungia njia mbele haijui kusimama, itapandisha presha mpaka kitu kipasuke, na mafuta ya moto si mchezo na watoto wakiwa karibu na chungu. Soda yako ya sabuni usiipitishe kwenye pampu hiyo hiyo bila kumwambia muuzaji, kuna metali zinazoliwa na soda, aluminiamu ikiwa ya kwanza.

SWALI
Tuko Kolwezi. Pampu yetu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa Dar es Salaam kwa kampuni dada, wakatuletea. Hapa inapiga kelele na maji ni kidogo. Tumeifungua, haina kosa. Tunataka kuomba mpya, ila isije ikafanya vile vile.

JIBU
Kelele hiyo, kama mtu amemwaga kokoto ndani ya pampu? Basi mnaishi juu sana kwa namna mlivyoiweka.

Pampu haivuti maji, hewa ya nje ndo inayoyasukuma kuingia. Baharini hewa inaweza kusukuma maji mpaka mita 10.3 kwa hesabu. Hapa Lubumbashi tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, inabaki mita 9 hivi, na Kolwezi mko juu kutuzidi, inashuka tena. Tufanye hesabu kwa 9 tu. Maji yako chini ya pampu mita 5, tiyo ya kuvutia na krepini (chujio la mwisho wa tiyo) vinakula mita 1, mvuke wa maji ya kawaida unakula sentimita 30. Dar es Salaam inabaki 4, hapa inabaki 2.7. Kama pampu yenyewe inadai 3.5, kule ilikuwa na nafasi, huku haina, maji yanachemka ndani bila moto, vipovu vinapasuka na kuila pampu. Maji yakiwa ya moto ni vibaya zaidi, ya nyuzi 60 mvuke peke yake unakula mita 2.

Kabla ya kununua mpya jaribuni kuishusha pampu karibu na maji na kuongeza kipenyo cha tiyo ya kuvutia, huenda hamhitaji kununua kitu. Mkiomba mpya, mstari wa kwanza wa karatasi uwe mahali na urefu toka bahari, halafu mchoro wa upande wa kuvutia: maji yako chini au juu ya pampu, mita ngapi, tiyo ndefu kiasi gani, kipenyo, krepini, joto la maji. Hata kwa mkono inatosha, ilimradi namba zisomeke. Mdai NPSH inayohitajika na pampu, yaani zile mita ambazo pampu inadai upande wa kuvutia, pale kwenye debi yenu, na sio ile ndogo nzuri iliyo mwanzo wa grafu.

Urefu huo huo unagusa mota pia. Mota za kawaida zinahesabiwa kwa mita 1,000 na joto la nyuzi 40, kupita hapo hewa nyepesi haipoozi vizuri, muuzaji anapaswa kujua. Injini ya mazuti isiyo na turbo nayo inapoteza nguvu kila unapopanda. Ni mstari mmoja wa karatasi, na unabadilisha vitu vitatu.

Na kwa kuwa mko watu wa migodi: Kipushi ni jirani yetu, mgodi ule ulisimama 1993, mwaka 2011 usukumaji wa maji ukashindwa yakapanda yakafunika mashimo, kazi ya kuyatoa ikachukua miaka, na zinki haikurudi kutoka pale mara moja, uzalishaji ulianza tena 2024. Pampu ya mgodi haiombwi haraka haraka. Mwandike pia kama mnataka ya akiba, maana moja peke yake kwenye shimo ni kamari.

SWALI
Ukiagiza Afrika Kusini, kitu gani watu wanasahau juu ya umeme?

JIBU
Volti. Migodi mingi ya kule inatumia volti 525, na wauzaji wao wamezoea. Sisi ni 380 mpaka 400, njia tatu, hezi 50. Usipoandika unaweza kuletewa mota nzuri ambayo huwezi kuiwasha. Ukiagiza nchi za hezi 60 ni hivyo hivyo, pampu iliyochaguliwa kule ikizungushwa na 50 zetu inatoa asilimia 83 ya debi na asilimia 69 tu ya mita.

Andika pia unaiwashaje. Mota ya kilowati 15 inakula ampea karibu 30 ikiwa kazini, lakini ukiiwasha moja kwa moja inavuta mara 6 mpaka 7 kwa sekunde chache, na grupu ndogo inazima hapo hapo. Kwa hiyo mpe muuzaji kVA za grupu, urefu wa kebo toka grupu mpaka pampu, na aseme yeye kama ataiwasha polepole kwa nyota na pembetatu au kwa variateri (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota).

SWALI
Nina pampu ya zamani, nataka nyingine kama ile. Si nitume picha tu?

JIBU
Tuma, ila picha ya plaki (bamba la maandishi), iliyosuguliwa ikasomeka, ya pampu na ya mota zote mbili, na ukubwa wa flanji. Halafu jiulize kama ile ya zamani ilikuwa inafaa. Kama ilikuwa inakufa kila mwaka, ukiomba "kama ile" utaletewa kama ile. Mwambie muuzaji ilikuwa inaharibika wapi, rulema, treshi au propela, hiyo inamfundisha zaidi kuliko plaki.

SWALI
Profoma moja inasema bei ya kiwandani, nyingine inasema rendu Lubumbashi (ikiwa imefikishwa Lubumbashi). Nalinganishaje?

JIBU
Hulinganishi mpaka zifike mahali pamoja. Ya kiwandani utaongeza usafiri, bima, njia ya Zambia, mpaka wa Kasumbalesa, DGDA (forodha), OCC (ukaguzi wa bidhaa), na siku za gari kusimama mpakani. Waombe wote wakupe rendu Lubumbashi, na waonyeshe kando bei ya mashine peke yake. Profoma iandike namba ya forodha, pampu za vimiminika zinaanza na 8413, na uzito na vipimo vya sanduku, ukikosa hivyo transita wako (wakala wa forodha) atakisia.

Hakikisha pia wote wameweka vitu vile vile. Mmoja anakupa pampu tupu, mwingine pampu na mota na kiti chake cha chuma na kaplingi, ndo maana bei zinaachana. Na uombe bei ya vipuri leo, seti ya treshi au garnitiri (sili ya ekseli), rulema, propela moja, pamoja na muda wa kuvileta. Ukishasaini huna nguvu ya kubishana bei ya vipuri.

SWALI
Nimwambie muuzaji bajeti yangu?

JIBU
Mwambie kazi kwanza, akishakupa pampu mbili zinazoweza kuifanya, ndo umwambie pesa uliyo nayo. Ukianza na pesa atatafuta pampu ya pesa hiyo. Lakini kama kuna tarehe, mfano mashimo lazima yakaushwe kabla mvua ya mwezi wa kumi na moja haijashika, iandike tangu barua ya kwanza, kwa sababu iliyoko dukani na ile ya kusubiri miezi si chaguo moja.